Alama Ambayo Kasdi Hakuitumia

8 Novemba

Mvua 6,5. Yaani milimita sita na nusu. Sisi huku nusu tunaiandika kwa mkato. Ndiyo mvua ya kwanza ya maana tangu tumzike mume wangu Kasdi wiki tatu zilizopita. Saa moja kamili asubuhi nilitoka uani, nikafungua kipimo chake cha mvua, nikamimina maji kwenye bilauri ya kupimia na kuiinua hadi usawa wa jicho. Yeye akimaliza alikuwa akiipangusa bilauri kwa ncha ya saruni yake. Mimi nimeipangusa kwa ncha ya mtandio.

Ameniachia madaftari kumi na moja ya mvua na kompyuta pakato moja kuukuu, ambayo ofisi ya kijiji ilitaka kuitupa. Kwa miaka miwili aliketi barazani akiyahamishia madaftari yote kwenye lahajedwali, kwa vidole viwili. Safu tatu: tarehe, mvua, maelezo. Nikimletea tempe, ile ya soya, ya kukaanga alikuwa anafumbua tu kinywa nimlishe, ili asipake vitufe mafuta.

9 Novemba

0. Mawingu tu.

15 Novemba

Mvua 11,0. Amekuja Bu Nuryati, katibu wa kijiji. Sijawahi kumpenda sana mwanamke huyu. Sauti yake hufika mlangoni kabla yake, ikiniita Bu, yaani mama, kwa jina la mume wangu.

"Bu Kasdi! Upo? Au umeshahamia kwa binti yako bila kutuaga?"

"Nipo, Bu. Karibu chai."

Alileta barua kutoka ofisi ya umwagiliaji ya wilaya. Watu wote wa kujitolea wanaosoma vipimo vya mvua watume kumbukumbu zao zote hadi mwisho wa Oktoba, kwa faili la maandishi matupu. Kila siku mstari wake, na safu zitengwe kwa alama moja inayoonekana. Siku ya mwisho ni ishirini na tisa Februari. Kituo ambacho faili lake halitapita ukaguzi kitafutwa, kipimo kitang'olewa, na kumbukumbu zake hazitaingia kwenye rejista ya mkoa.

Nimemwomba anieleze kwa lugha ya watu.

"Lugha ya watu ni hii," akasema, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti. "Tusipopita, mvua ya Pak Kasdi ya miaka ishirini na miwili itakuwa haikunyesha."

Nimeimaliza chai yangu ikiwa imeshapoa. Nimemwambia tutapita.

27 Novemba

Mvua 18,0. Siku ya arobaini ya Kasdi. Majirani wamejaa hadi barazani. Ratri, binti yetu, amekuja kwa basi kutoka mjini Semarang, amelala siku moja na kurudi kiwandani. Amechukua picha ya kipimo kwa simu yake. Hakusema kwa nini.

6 Desemba

Mvua 31,5. Nuryati amekuja na kompyuta yake ya ofisini tufanye kazi pamoja. Kwanza aliingiza kwenye lahajedwali la Kasdi siku za mwisho za Oktoba, ambazo zilikuwa kwenye daftari tu. Kisha akanionyesha. Unahifadhi faili kwa jina jingine, unachagua maandishi matupu, kinafunguka kidirisha kinakuuliza safu zitengwe kwa alama gani. Pale pana mkato umeshawekwa tayari.

"Mashine yenyewe inapendekeza mkato," akasema. "Sisi nani tubishane nayo?"

Akabonyeza. Mistari elfu nane na thelathini na mitano ikaenda wilayani kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuchuja nazi. Nimempa ndizi za kukaanga aende nazo nyumbani.

12 Desemba

Mvua 40,5. Limekataliwa.

Amepiga simu bwana mmoja, Pak Gunarso, ndiye mkaguzi wa wilaya. Ana sauti ya mtu anayesoma huku anaongea. Amesema mistari zaidi ya elfu tano imetupwa nje kwa kuwa na safu nyingi kupita kiasi, na ile iliyopita karibu yote ni sifuri.

"Kwa mujibu wa faili lenu, Bu, kijiji cha Karangsemi hakijawahi kupata mvua ya kulowesha shati."

"Pak, leo tu daraja la mianzi limechukuliwa na maji."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Samahani kusema, lakini labda marehemu hakuichukulia kazi hii kwa uzito."

Niliiweka simu chini nikiwa bado nasikia anaongea. Kasdi alikwenda kusoma kipimo akiwa na homa ya dengue. Alikwenda asubuhi ambayo tetemeko lilikuwa limeangusha nusu ya vigae vyetu. Huyu bwana anakaa ofisini penye feni.

13 Desemba

Mvua 9,0. Habari imeshafika kwenye kibanda cha kahawa cha Tugiman. Nilipokuwa napita na kapu langu, akapaza sauti: "Bu Kasdi! Nasikia siku hizi tunaishi jangwani. Umemfunga wapi ngamia?"

Wakacheka wote. Nikamwambia, "Nimemfunga kwako, naona yuko anachemsha kahawa." Wakacheka zaidi, na yeye pia. Lakini nilipofika nyumbani nililia kidogo, nikaosha uso.

16 Desemba

Mvua 27,5. Sikutaka kumsubiri Nuryati. Nimelifungua mwenyewe lile faili tulilotuma, nione wanachokiona wao. Hakuna vyumba tena, ni maandishi yaliyofuatana. Nimetafuta siku ninayoikumbuka, na hivi ndivyo ilivyo:

17 Januari 2009,43,5,Mvua tangu alasiri, mto umejaa, Wagini ana mafua

Wagini ni mimi. Nimeutazama mstari huo muda mrefu, mwanzoni kwa sababu ya mafua yangu, halafu kwa sababu nyingine. Nimehesabu kwa kidole. Mashine inakata kila inapoona mkato. Inadhani mvua ni arobaini na tatu, inadhani ile tano ni maelezo, na inapokuta mto na mafua yangu haijui pa kuviweka, inautupa mstari mzima. Siku za kiangazi Kasdi aliandika "0" na "Kavu", hazina mkato, ndizo zilizopita. Ndiyo maana tumekuwa jangwa.

Kosa si la Kasdi! Ni sisi tuliokubali mkato wakati nusu zetu zote tunaziandika kwa mkato.

Nimetembea hadi ofisi ya kijiji kumwambia Nuryati. Akanitazama, akajipiga kofi kwenye paji la uso mbele ya watu.

"Mimi na stashahada yangu!" akasema. "Bu Kasdi, wewe umesoma hadi darasa la ngapi?"

"La tisa."

"Basi nitairudisha stashahada."

17 Desemba

12,0.

18 Desemba

0.

4 Januari

Mvua 52,0. Nuryati alikuwa na kazi za mwisho wa mwaka, tumekaa tena leo. Kwenye kile kidirisha tumefuta mkato tukaweka nukta mkato. Nilibonyeza mimi. Likaenda.

9 Januari

Mvua 36,5. Mistari mia sita na kumi na mmoja imekataliwa. Sababu ninaijua bila kuambiwa. Mwalimu wake wa zamani alimfundisha Kasdi nukta mkato, naye aliipenda maisha yake yote. Kwenye maelezo yake ameinyunyiza kama watu wanavyonyunyiza vitunguu vya kukaanga juu ya wali. "Mawingu mazito; kuku wa Mbah Rejo wamehamia jikoni kwetu; mvua imeanza saa tisa."

Nimeanza kumwelewa Pak Gunarso, ingawa bado simpendi. Amepiga simu mwenyewe na safari hii hakuwa anasoma kitu kingine.

"Sasa nimeona, Bu. Mvua ipo. Nilisema neno baya juu ya marehemu, naomba radhi. Njia rahisi ni hii: futeni safu ya maelezo. Tunachohitaji ni namba tu. Mtapita kesho asubuhi."

Nimemwambia nitafikiri.

10 Januari

Mvua 36,0. Ratri kwenye simu: "Mak, si ufute tu? Madaftari si unayo?"

"Yanaliwa na mchwa, Ratri. La mwaka aliozaliwa mdogo wako limebaki nusu."

Mdogo wake hakuishi wiki. Ratri akauliza, "Baba aliandika nini siku hiyo?"

Nikamsomea kutoka kwenye lahajedwali: mvua 4,0, jua limetoka, mtoto wa kiume, kilo mbili na nusu.

"Usifute," akasema.

11 Januari

Mvua 20,5. Nuryati amependekeza tuzibadilishe nukta mkato zote ziwe vistari, mashine inaweza kuzibadilisha zote kwa mara moja. Nimekataa hilo pia. Wakija kulinganisha na daftari, daftari litasema hivi na faili litasema vile, na watauliza nani kachezea. Kasdi hakuchezea neno moja. Alipokosea alikata kwa mstari mmoja, kosa libaki linasomeka.

Nikamwambia Nuryati: barua inasema alama moja inayoonekana. Haisemi ipi. Basi tutafute alama ambayo Kasdi hakuitumia hata mara moja kwa miaka ishirini na miwili.

"Na tutaijuaje?"

"Nitasoma."

"Mistari elfu nane?"

"Nina nafasi, Bu. Mume wangu hayupo nimpikie."

Nilisema kama utani. Nuryati hakucheka. Alinishika kiganja akakaa hivyo, na mimi nikajua nilimkosea miaka yote hii.

14 Januari

Mvua 44,0. Nimefika mwaka 2004. Ninaandika kila alama pembeni. Mkato, nukta, nukta mkato, nukta mbili (akitaja saa), mabano (akitania). Alama ya kuuliza mara tisa, saba kati ya hizo zinamhusu mbuzi.

19 Januari

Mvua 15,5. Nimefika 2010. Mshazari umetumika. Kistari kimetumika. Nilitarajia nyota, lakini nyota nayo ipo. Mwanzoni sikuelewa, imesimama peke yake mwisho wa maelezo bila neno. Kisha nikazilinganisha tarehe. Ni siku alizoshindwa kuinuka kwa homa, au amekwenda mazishi ya mjomba wake huko Purworejo, au amelazwa. Nyota ni siku nilizosoma mimi. Ziko arobaini na tatu. Hakuwahi kuniambia kwamba ananiandika.

20 Januari

61,0.

23 Januari

Mvua 58,5. Nimefika 2014. "Majivu ya mlima wa moto yameingia kipimoni, nimechuja maji kwa kitambaa cha Wagini, amekasirika, kipimo hakiaminiki sana leo." Pak Gunarso anataka namba tu. Namba ya siku hiyo peke yake ni uongo. Maelezo ndiyo yanayoifanya iwe kweli. Nitamwambia hivyo.

26 Januari

Mvua 33,0. Siku ya mia tangu Kasdi afariki. Tumepika wali, kuku, na maandazi ya apem ya mchele, na Nuryati amekuja alfajiri kusonga unga bila kuitwa. Tugiman ameleta kahawa ya watu wote, akakataa asante yangu. "Ya ngamia," akasema.

31 Januari

Mvua 47,5. Nimemaliza. Nimefika mstari wa mwisho saa nne asubuhi, mvua ikipiga kwenye vigae.

Ipo alama moja. Iko juu ya kitufe cha pembeni ambacho rangi yake haijafutika hata kidogo: kijistari kilichosimama wima, kama kijiti kinachochomekwa shambani kugawa vitalu vya miche. Nuryati amenifundisha kuitafuta kwenye lahajedwali lote. Nimeandika | nikabonyeza. Mashine ikajibu kwamba haikuonekana popote.

Nimecheka peke yangu barazani. Miaka ishirini na miwili, na alikuwa ameniachia nafasi moja.

2 Februari

Mvua 29,0. Nimempigia Pak Gunarso. Nimemweleza majivu, nimemweleza kijiti. Akasema mfumo wao utakubali alama yoyote ilimradi itajwe kwenye fomu. Fomu mpya inakuja kwa posta. Amesema pia, "Bu, nimekagua vituo arobaini. Wote wamefuta maelezo." Sikujua kama ananisifu au ananionya.

12 Februari

Mvua 70,5. Fomu haijafika.

18 Februari

Mvua 66,0. Fomu haijafika. Barabara ya chini ina nyufa.

24 Februari

Mvua 81,0. Fomu imefika, imelowa, inasomeka. Tumepanga na Nuryati tutume Jumanne, tarehe ishirini na saba.

27 Februari

Mvua 112,5. Sijawahi kusoma namba kama hii kwa mkono wangu. Nilimimina bilauri mara tano, mvua ikinipiga mgongoni, nikihesabu kwa sauti nisipoteze.

Saa mbili asubuhi kilima cha mashariki kimeporomoka juu ya barabara. Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Lakini Nuryati anaishi ng'ambo ile, na familia saba za bondeni zimehamishiwa ofisi ya kijiji, upande wetu. Umeme wa majumbani umekatika. Ofisini kuna jenereta, na mtandao wa setilaiti wa hapo ndio pekee uliobaki. Redio imesema umeme hautarudi kabla ya Ijumaa, yaani baada ya siku ya mwisho, na mafuta ya jenereta ni ya leo tu.

Nimeifunga kompyuta ya Kasdi kwa plastiki mbili, nikaibeba kifuani kama mtoto.

Ofisini watu wamelala kwenye mikeka, watoto wanakula wali wa pakiti. Tugiman alikuwa anagawa kahawa. Nikawaomba nafasi ya meza.

"Mpisheni," Tugiman akasema. "Anakuja kutuondoa jangwani."

Nimempigia Nuryati. Nilimsikia kwa shida.

"Fungua lahajedwali, Bu. Sasa hifadhi kwa jina jingine. Umeona?"

"Nimeona."

"Chagua maandishi. Pale chini weka alama ya vema kwenye—"

Simu ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Minara nayo ilikuwa imelala.

Watu walikuwa wamenizunguka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Sasa itakuwaje, Bu?"

Nikafumba macho. Nimekaa na kile kidirisha siku ngapi? Nikakikumbuka kama ninavyokumbuka jiko langu, kila kitu kilipo. Alama ya vema, ili kiniulize nitakavyo mimi badala ya kujiamulia. Nikaiweka. Kidirisha kikafunguka. Safu zitengwe kwa nini? Mkato ulikuwa pale, unanisubiri kama mgeni asiyejua kuaga. Nikaufuta. Nikaweka kijiti. Chini yake paliuliza alama ya kufungia maneno, nikapaacha patupu, maana Kasdi hahitaji kufungiwa maneno. Nikahifadhi.

Sikutuma bado. Nililifungua faili kwanza, nione wanachokwenda kuona. Nikasoma kwa sauti, sijui kwa nini:

17 Januari 2009|43,5|Mvua tangu alasiri, mto umejaa, Wagini ana mafua

"Vijiti viwili, vyumba vitatu," nikawaambia. "Kila mstari lazima uwe hivyo."

Tugiman akavuta kiti. "Twende mwaka 2003," akasema. "Siku nyumba yangu ilipoezuliwa. Desemba, ya pili." Nikaitafuta. Ilikuwepo: 96,0, upepo, paa la Tugiman, watu wote wamekwenda kusaidia. Hakutania tena. Yule mwanamke akataka siku aliyozaliwa mkubwa wake. Mzee mmoja akataka siku mafuriko yalipofika kwenye mashine ya mpunga. Zote zimo. Kila mmoja alipotaja siku, mume wangu alikuwa ameamka saa moja na kuiandika, vijiti viwili, vyumba vitatu.

Nikajaza fomu. Penye "alama iliyotumika" nikachora kijiti kimoja, kimesimama wima. Nikatuma. Mashine ikawaza. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikaendelea. Kisha: limetumwa.

Walipiga makofi kama nimezaa.

28 Februari

Mvua 38,0.

1 Machi

Mvua 5,5. Umeme umerudi. Hakuna jibu.

5 Machi

Mvua 14,0. Barabara imefunguliwa njia moja. Saa tano alikuja mtu kwa pikipiki, amevaa koti la mvua la rangi ya machungwa, akavua viatu barazani bila kuambiwa. Ni kijana kuliko nilivyodhani. Ni Pak Gunarso. Nuryati alikuwa kwangu, tunachambua mchicha.

Alitoa karatasi. Mistari iliyopokelewa: elfu nane na thelathini na mitano. Iliyokataliwa: hakuna. Nuryati alipiga kelele, kuku wakakimbia.

"Kituo kinabaki," Pak Gunarso akasema. "Na ofisini wameamua vituo vingine viombwe maelezo yao upya, na vitumie alama kama ya kwenu. Watalalamika." Akatabasamu kidogo. "Lakini sikuja kwa hilo. Kuna mstari mmoja ambao sikutaka kuuliza kwa simu."

Akausoma: "Oktoba ishirini, sifuri. Hakuna mvua, wageni wengi."

Nikaacha mchicha.

"Barua ya kijiji inasema Pak Kasdi alifariki jioni ya tarehe kumi na tisa," akasema. "Huu nani aliuandika?"

"Mimi."

"Saa ngapi, Bu?"

"Saa moja kamili. Walikuwa wanamwosha nyuma ya nyumba. Nikatoka, nikasoma, nikaandika, nikarudi kwake."

Nilimtazama Nuryati. Ndiye aliyeuingiza mstari huo kutoka kwenye daftari siku ile ya Desemba, na hakusema neno. Mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko zote kijijini. Alikuwa anatazama mchicha wake.

Pak Gunarso alifungua rejista yake juu ya goti. Akaandika jina la Kasdi, tangu Novemba mosi 2001 hadi Oktoba kumi na tisa. Chini yake akaandika Wagini, akaniuliza kuanzia lini.

"Oktoba ishirini."

Akaiandika chini ya ile kumi na tisa.

"Kwa hiyo kati yenu hakuna siku tupu," akasema.

"Hakuna," nikamwambia. "Hata moja."